Kichwa cha Baba Yako Kwenye Mashine ya Pembeni

Nyambura mwanangu,

Mama yako amekufungia sweta na unga wa uji kwenye begi, na amekueleza baridi ya Ujerumani kana kwamba alizaliwa huko, kwa hivyo hayo nayaacha. Pasipoti unayo, na mtu wa kukupeleka uwanja wa ndege amekubali. Mimi naandika kwa sababu ya zile kelele tulizopigiana Jumapili tulipotoka kanisani. Wewe ulisema huendi popote mpaka nikupe linki ya picha za kifua changu uzifungue mwenyewe. Mimi nikasema sikupi. Ukaingia chumbani ukafunga mlango, na tangu hapo unanisalimia kama askari wa geti.

Sasa nimekaa hapa mezani. Nyinyi mko jikoni mnabishana kama parachichi zinaruhusiwa kwenye ndege, na mimi nimeamua kukujibu kwa kalamu. Kwa mdomo naharibu. Unaujua mdomo wangu: nikianza kueleza kitu cha kweli, nikifika katikati nimeshaingiza simba.

Linki sikupi, na nataka uende kesho. Barua ni hiyo tu. Lakini najua wewe hukubali kitu bila sababu, na sababu yenyewe ni ndefu.

Ulipozaliwa, saiba yangu, lile duka la kukodisha kompyuta na mtandao, ilikuwa na jina Nakuru nzima. Nimekuambia mara nyingi vile siku ya kwanza niliwasha mashine zote kwa mpigo, stima ya mtaa ikayumba, na mwoka mikate wa jengo la nyuma akatoka mbio na unga mikononi akiuliza nani amemzimia tanuri. Hiyo ni kweli. Karibu yote. Mwoka mikate alitoka, lakini alikuwa anaenda msalani.

Na ile ya mzee wa Njoro umeisikia mpaka siku hizi unaisimulia wewe. Wakati ule kulikuwa na programu inayoonyesha dunia nzima kama mpira. Unaizungusha kwa mausi, unashuka, unashuka, mpaka unaona mabati ya nyumba yako. Brauza peke yake, hii tunayofungulia mtandao, haikuweza mambo kama hayo. Ilijua maandishi na picha zilizosimama, basi. Ukitaka kitu kizunguke, au gemu, au nyumba unayoweza kuingia ndani kama mtu anayetembea, ilibidi uchomeke plagini, yaani kijiprogramu cha kuongezea ili brauza ifanye kazi isiyoijua. Mimi nilikuwa nazo zote. Mzee akaja, haamini dunia ni mviringo, nikamshusha mpaka bomani kwake, na kwa hadithi yangu akamwona ng'ombe wake aliyeibwa amefungwa kwa jirani. Kila nikisimulia, ng'ombe ananenepa.

Ng'ombe hakuonekana, Nyambura. Mzee alitazama boma lake kwa muda mrefu halafu akaniuliza, "Kijana, mbona sioni choo changu kipya?" Nikamwambia picha ni ya zamani, ilipigwa kabla hajajenga. Akanigeukia. "Sasa hapa unanionyesha nini?" Nikacheka, na saiba yote ikacheka. Lilikuwa swali la maana kuliko yote niliyowahi kuulizwa mle ndani, na mimi nililicheka.

Baadaye wenye brauza wakaanza kuzifukuza plagini. Walisema zinaingiza wezi, zinagandisha mashine. Leo unaamka gemu fulani haifunguki, mwezi ujao video, halafu zile picha za pande tatu zinazozunguka. Brauza zenyewe zikafundishwa kuchora hizo pande tatu moja kwa moja, kwa nguvu ya kadi ya picha iliyo ndani ya kompyuta. Hiyo ndiyo kazi inayokupeleka Ujerumani, kwa hivyo sikufundishi. Nakuambia tu vile ilivyokuwa upande wetu. Nilikasirika kama mtu aliyenyang'anywa shamba. Miaka yote nimejifunza plagini, nazijua kama mtu anavyowajua mbuzi wake, na sasa mtoto aliyezaliwa juzi anabonyeza tu na kitu kinazunguka!

Basi nikachukua mashine moja, ile ya pembeni karibu na printa, nikaikataza kujisasisha. Nikaiachia brauza ya zamani na plagini za zamani, kila kitu vile kilivyokuwa. Wakaanza kuja. Mwalimu wa Molo na masomo yake ya kemia ambayo hayafunguki tena. Fundi wa nyumba kutoka Gilgil na ramani ya jumba la mteja ambalo ukipanda ngazi zake unaona mpaka vyumba vya juu. Walikuwa wanaambiana barabarani, nasikia nikipita: kitu kikikataa kwingine, peleka kwa Gitau. Sijui kama umewahi kusikia jina lako likitajwa hivyo. Chupa hailevyi mtu namna hiyo.

Lakini mashine kama ile hulalamika sana. Kila ukurasa unaofungua, juu kabisa unakuja mstari wa njano. Hii ni ya zamani. Hii ni hatari. Kipande hiki kimeshindwa. Kiingereza cha herufi ndogo, na shule yangu mimi unajua iliishia darasa la nane. Mteja akiona njano anaogopa, anainuka, anaenda kwa jirani. Kwa hivyo sote wa saiba tulijifunza kitu kimoja, na hakuna aliyetufundisha: kule kona ya kulia kuna kialama cha X. Funga, funga, endelea. Ilifika mahali kidole kinafanya chenyewe, jicho halijafika. Hata wewe nilikufundisha ukiwa umekaa gotini kwangu. "Ikija ya njano, ua." Ulikuwa unaziua ukicheka, kama mtu anayeua mbu.

Baba yako, mdogo wangu, wakati huo alikuwa Kamere, kule kando ya ziwa, akiendesha trakta kwenye shamba la maua. Wewe na mama yako mlikuwa hapa Lanet kwa sababu ya shule. Kichwa kilimwanza kidogo kidogo. Asubuhi anatapika, mchana yuko sawa. Halafu akaanza kuona trakta mbili. Alilifanya mzaha, unamjua, akasema mwajiri amempandisha cheo. Zahanati ikampa dawa, dawa haikufanya kitu, akatumwa Nakuru kupigwa picha ya kichwa kwenye ile mashine kubwa unayolala ndani. Walipomaliza wakampa karatasi yenye anwani ya mtandao na neno la siri, wakamwambia aende nayo Jumatatu kwa daktari bingwa aisome.

Akatoka hospitali na karatasi, akaja moja kwa moja kwangu. Nani hangekuja? Ni mtandao, na mimi ndiye ndugu.

"Mkubwa," akaniambia, maana ndivyo alivyoniita tangu tukiwa watoto, "hawa wamenipiga picha ya ubongo. Daktari anaisoma Jumatatu."

"Jumatatu ya nini? Kaa hapo."

Nilijaribu mashine ya kwanza ikakataa, ikasema plagini haipo. Ya pili vilevile. Nataka ujue kwamba nilifurahi ilipokataa. Moyo ulinipanda. Kitu kimekataa kwingine, na watu wanaona. Nikamshika mkono ndugu yangu nikamhamisha mpaka ile ya pembeni, nikavuta kiti kwa kishindo ili asiyeona aone.

Mstari wa njano ulikuja. Nakumbuka ulikuwa mrefu kuliko kawaida, ulijikunja ukaenda mstari wa pili. Sikusoma hata neno. Kidole kilikuwa kimeshamaliza.

Halafu kichwa kikatokea. Fuvu lote, la kijivu, linaelea kwenye giza, nikigusa mausi linageuka. Hakuna aliyewahi kuona kitu kama hicho mjini hapa. Kijana mmoja wa boda aliyekuja kuchapisha leseni akaacha foleni.

"Buda, hiyo ni fuvu ya huyu msee na yuko hai? Hiyo noma!"

"Zungusha tena, boss," mwanafunzi mmoja akasema. "Pitia kwa macho."

Nikapita kwa macho. Baba yako akainama mbele. "Mkubwa, hata kwa kompyuta meno yangu yamepandana hivi? Na mtu alikubali kuolewa na mimi?"

Watu wakacheka. Nikalizungusha lile fuvu kama mtu anayechagua tikiti sokoni, juu, chini, nyuma, nikagongagonga skrini kwa kalamu. Na mimi nikasema, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani, "Kichwa safi! Hakuna kitu hapa. Hata waya mmoja haujakatika."

Walipiga makofi, Nyambura. Na baba yako, uso wake ukalegea. Alikuwa ameukaza kwa miezi bila sisi kujua, na mbele yangu ukaachia wote kwa mara moja, mpaka akafanana na vile alivyokuwa akiwa mdogo. Sijawahi kumpa mtu zawadi iliyopokelewa vile.

Tukaenda tukala chapati madondo, yale maharagwe ya mtaani. Nikamwambia anywe maji, apunguze mawazo, kule shambani wanawapulizia dawa maua na hewa si nzuri. Nilikuwa daktari kamili. Akauliza, kama mtu anayeomba ruhusa, "Sasa hiyo Jumatatu kuna haja?" Nikamwambia kama anapenda kukaa kwenye benchi siku nzima asubiri kuambiwa nilichomwambia, aende. Akacheka, akarudi Kamere.

Mvua ndefu haikuwa imeisha alipoanguka bafuni, kwenye zile nyumba za kupanga. Majirani walimbeba na kumleta Nakuru kwa gari la maua. Ulikuwa darasa la tano. Hayo mengine uliyaona.

Ambalo hukuliona ni hili. Kwenye ile hospitali kubwa, mtu wa mashine za picha alichukua karatasi ile ile, anwani ile ile, akaifungua mbele yangu. Fuvu likaja vilevile kama kwangu. Halafu akabonyeza, na mfupa ukaondoka. Ukaondoka tu, kama kifuniko. Ndani kukawa na ubongo, akaupasua vipande kama mkate wa kukatwa, kipande baada ya kipande, na kule nyuma kikatokea kitu cheupe cha ukubwa wa yai la kware.

"Hiki kilikuwa hapa tangu siku ya kwanza," akasema. "Kwani nyinyi mlionyeshwa nini?"

"Mfupa," nikasema.

"Mfupa peke yake? Mashine ikikosa nguvu ya kuchora ndani, ukurasa wenyewe huandika. Huandika juu kabisa."

"Iliandika."

Aliniangalia, akazima skrini, akainuka. Mimi ndiye niliyemfuata mlangoni nikamuuliza ingekuwaje kama ndugu yangu angekuja ile Jumatatu. Akasema, "Ingewezekana kujaribu." Hakusema angepona. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia angepona, na mimi nimeshauliza wengi, hata wasiohusika. Kujaribu tu. Neno dogo hivyo, na ndilo nililomnyima.

Kwenye mazishi nilipewa nafasi ya kusema kwa niaba ya ukoo, nikasimama nikasema hospitali ilichanganya picha, ikampa ndugu yangu kichwa cha mtu mwingine. Watu wakatikisa vichwa, wakasema hospitali za siku hizi. Nilisimulia vizuri mpaka nikaanza kuiona ile picha ya mtu mwingine. Mama yako alikuwa amekaa mbele kwenye kiti cha plastiki na wewe umelala mapajani mwake. Tulipobaki wawili akaniambia, "Ulimwambia yuko sawa." Hakurudia tena mpaka leo. Amenipikia chai miaka yote hii, sukari vile ninavyopenda, na sijawahi kunywa kikombe chake bila kuisikia hiyo sentensi.

Wewe pia unajua, na sijui ulijulia wapi. Niliona siku ile ulipotoka chuo na kazi yako ya mwisho ukatuonyesha hapa sebuleni kwenye laptopu. Ulikuwa umetengeneza kichwa cha mtu, kinafunguka kwenye brauza yoyote bila kuchomeka kitu. Ukatuonyesha ngozi. Ukabonyeza, ngozi ikatoka, mfupa ukabaki. Hapo ukasimama kidogo. Ukaniangalia. Mimi nikasifu rangi, nikasema nitakutafutia wateja. Ukaondoa mfupa, ukaendelea kueleza, na sauti yako ilikuwa ya upole kuliko nilivyostahili.

Kwa muda mrefu nilijaribu kuilaumu ile mashine. Nilisema kadi yake ya picha ilikuwa mbovu, nilisema plagini ilikuwa feki. Haiwezekani kuilaumu. Mashine ilisema ukweli wake wote kwa Kiingereza cha herufi ndogo, na mimi nikaua. Lakini kuna jambo lingine nimelifikiria sana, na hili nakupa kwa sababu ni la kazi yako, na kwenye kazi mimi si mjinga kabisa. Ile anwani ilipokataa kwenye mashine ya kwanza na ya pili, haikumdhuru mtu. Kama ingekataa na ya tatu, baba yako angeenda Jumatatu. Iliyotumaliza ni ile ya pembeni iliyokubali nusu. Ilileta kitu kizuri, kinazunguka, kinapendeza macho, na ubongo haupo.

Huko unakoenda utatengeneza kurasa za kufunguliwa na watu usiowajua, na mmoja wao atakuwa mtu kama mimi, katika mji kama huu, na mashine ya zamani na watu nyuma ya kiti wakisema zungusha tena. Huyo mtu hasomi. Usimwekee onyo la kuuawa kwa kidole kimoja. Kama ukurasa wako hauwezi kuonyesha yote, basi ulete skrini nyeusi. Atatukana, atasema mtengenezaji hajui kazi. Acha atukane. Wakubwa wako watakuambia wateja hawapendi skrini nyeusi, na watakuwa wanasema kweli. Hata wangu hawakupenda.

Halafu nilikusikia ukihojiwa na wale watu wa kazi ya Ujerumani. Nilikuwa mlangoni nimeleta maziwa. Wakakuuliza kama umewahi kufanya kitu fulani, jina lake limenipotea, na ukajibu upesi, "Hiyo ni rahisi, nimefanya mara nyingi." Nilisimama na maziwa yangu. Ilikuwa sauti yangu, Nyambura, imevaa sketi. Maana jana yake jioni ulikuwa umeniambia unajaribu hicho kitu kwa mara ya kwanza na kinakusumbua. Sikugombezi. Kazi umepata, na mimi niliyesema uongo mwingi zaidi kwa faida ndogo zaidi siwezi kukugombeza. Nakuambia tu kwamba nilisikia, na niliogopa kuliko ninavyokiogopa hiki kifua.

Sasa tuje kwenye kifua.

Waliponipiga picha, hawakunipa hata karatasi. Linki ilikuja kwenye simu yangu hii yenye kioo kilichopasuka. Juzi mama yako akiwa sokoni niliifungua. Haikuuliza plagini, haikulalamika, haikuleta njano. Duara likazunguka kidogo, halafu nikajiona. Mbavu zangu zote, kama kikapu. Nikagusa kwa kidole, kikapu kikageuka. Nikatafuta pale pa kubonyeza nikapapata, na mbavu zikaondoka, na nikaona ndani.

Upande wa kushoto kuna kitu cheupe. Inawezekana ni moyo. Inawezekana ni kivuli, au mshipa, au vile tu picha hizi zinavyokuwa. Inawezekana ndicho chenyewe. Na hapo hapo, peke yangu ndani ya nyumba, bila mtu wa kunipigia makofi, nikasikia mdomo unaanza kutengeneza maneno. Nilikuwa karibu kujiambia ni safi. Niliiweka simu kifudifudi mezani, nikasema kwa sauti, "Sijui." Lilitoka kwa shida kama mfupa wa samaki. Sikumbuki kuwahi kulisema neno hilo nikiwa mbele ya skrini, tangu nianze kazi hii mpaka saiba ilipofungwa.

Kwa hivyo usifikiri nakunyima kwa sababu sikuamini. Wewe ungeifungua vizuri kuliko mimi. Ungesoma kila onyo, ungeondoa kila ngozi, ungenipasua vipande vyembamba kuliko vya yule mtu wa hospitali. Na mwishoni ungebaki mtu anayejua kuchora, si anayejua kusoma mapafu. Halafu ungeinua macho, na mimi ningekuwa nimekaa mbele yako na uso umekazwa, nakusubiri. Hapo ndipo penyewe. Huwezi kujua uzito wa kuangaliwa na mtu wako hivyo. Ungetaka uso huo ulegee. Ungeangalia kile kitu cheupe na ungeanza kukitafutia jina zuri, si kwa sababu wewe ni mwongo, ila kwa sababu unanipenda. Mimi nilimpenda baba yako. Watu husahau hilo wanapoisimulia, hata mimi nimelisahau hapo juu, nimekuambia habari ya makofi tu. Nilitaka asiogope tena.

Na kama ungekuwa na ujasiri kuliko mimi, ukaniambia ni kibaya, basi wewe ndiye ungekuwa umeniambia. Ungeishi na hilo Ujerumani, ungelala nalo. Mmoja katika ukoo huu ametosha kubeba picha ya mtu wake kichwani.

Ukibaki, ile visa inakufa, na ile kazi wanampa mwingine. Utakaa hapa Lanet unanihesabia kikohozi. Mimi sitapona kwa kuangaliwa. Mkanda wangu umefika kwenye tundu nililotoboa kwa msumari, na shuka naziosha mwenyewe siku hizi ili mama yako asione ninachotema. Sasa umejua, na yeye nadhani anajua. Sitakudanganya kwamba kesho si kubwa. Naweza nisikuone tena. Nimeiandika na kuiangalia, na nimeona niiache.

Daktari ananiona Alhamisi. Utakuwa umeshafika, utakuwa unatafuta mahali pa kununua mkate. Nimezungumza na mama yako tukakubaliana. Ataingia ndani na mimi, atakaa upande wa daktari, na mimi nitanyamaza. Aliniuliza, "Wewe? Unyamaze?" Nikamwambia nitang'ata kofia. Atasikiliza mpaka mwisho, atauliza yale ambayo mimi ningeyaruka, na akitoka nje ya geti atakupigia akuambie kama alivyosikia, zuri au baya, bila kupunguza.

Subiri simu yake. Hata ikichelewa, hata kama jina langu ndilo litakalotokea kwanza kwenye simu yako, usipokee mpaka umeongea naye. Kwa sababu nitapiga, najijua. Nitapiga na nitakuambia ni homa tu, na nitaieleza vizuri sana.

Nenda, mwanangu.

Anko wako,
Gitau